Yule Aliyezidi Katika Hesabu

Rahma, na wenzako mnaoshika mizani baada yangu, mliniomba niandike namna ya kazi kabla sijasahau. Kusahau bado, lakini naona mlikuwa na haraka ya kurithi kiti, basi naandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa waulizeni ofisini, huko wanazikumbuka vizuri kuliko wanavyoukumbuka mwani. Mie nitaandika ya pwani, pamoja na jambo moja ambalo sikuwahi kuliingiza kwenye daftari la kampuni.

Nimekuwa karani wa mwani miaka ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili.

Baba yangu alitoka bara kuja kisiwani kuchuma karafuu. Msimu ukaisha, yeye akabaki. Nimezaliwa nje kidogo ya Konde, nimekua na watoto wa hapa, nimesema kama wao na kugombana kama wao, ila Jumapili nilikuwa napanda gari peke yangu kwenda kanisani Wete. Kanisani tulikuwa watu kumi na tisa, mpiga ngoma akiwemo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alivuka kwenda Tanga kutafuta tairi, na mpaka leo yumo njiani. Aliniachia binti mmoja, Eliza, na kwa ajili ya huyo binti nikaomba kazi ya mwani upande wa Micheweni.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kanisani. Wanawake waliokuwa wakianika mwani juu ya makuti waliacha kazi ili wavitazame vizuri. Mmoja, mwembamba, mwenye tambuu shavuni, alisimama mbele yangu. Huyo ndiye Bi Mwanakombo, mkulima wa mwani wa kwanza katika pwani ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote, ingawa kampuni ilidhani aliyenifundisha ni bwana mmoja aliyekuja na semina ya siku mbili.

"Karani ndo huyu?" aliwauliza wenziwe. "Huyu kaa watamvua viatu kabla ya adhuhuri."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wajua kuhesabu?"

"Najua. Viroba, kilo, kamba, vyote."

"Kiroba kikipotea hakikaliwi matanga," alisema. "Hesabu watu."

Akanionesha jiwe bapa lililo mwisho wa njia, pale nchi ya maweni inapokatika na bahari kuanza. Kila mwanamke anayeshuka kwenye shamba lake la mwani huvua ndara juu ya jiwe lile, akavaa soksi na viatu vya mpira vilivyochoka, kwa sababu ya miba ya baharini. Ndara hupangwa safu moja, visigino vikitazama maji, ili mtu akitoka azivae moja kwa moja bila kuigeukia bahari tena. Mwenyewe akirudi huondoka nazo. Jozi ikibaki, mtu kabaki. Bi Mwanakombo alizihesabu wanaposhuka, akazihesabu tena maji yakianza kujaa, na hakuna mtu aliyeondoka pwani kabla jiwe halijawa tupu.

Mambo mengine ya kazi mnayajua, lakini nayarudia, maana nimewaona mkipima. Kabla hamjapima kiroba cha mtu, ning'inizeni kwanza jiwe mnalolijua uzito wake, kwani mizani ya asubuhi yenye umande si mizani ya mchana. Tieni mkono mpaka chini ya kiroba, msiridhike na cha juu, cha juu siku zote ni kizuri. Kamateni mwani mfinye. Mkavu unalia mkononi kama makuti. Mbichi unanyamaza, na mwani unaonyamaza unasema uongo. Na mtu akikuapieni kwamba hamna mchanga ndani, mwacheni amalize kiapo, kisha mkung'ute kiroba.

Mgomvi wangu mkubwa wa mizani alikuwa Riziki. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mkondo, ambapo maji hayakauki hata kwenye bamvua, siku ambazo bahari hukupwa mno. Riziki alijua kupatana kuliko mimi, na hilo sikumsamehe. Nikisema mwani wake una unyevu wa kilo moja, husema, "Sebu," hakubali, na hukaa juu ya kiroba chake kama kuku juu ya mayai mpaka nichoke. Tulipendana kwa namna hiyo kwa miaka kadhaa.

Kisha ikaja siku ambayo nitaiandika kwa ufupi. Eliza alikuwa na miaka kumi na sita, shule zimefungwa, ameomba kamba nne za kulima mwenyewe. Bi Mwanakombo alikuwa harusini Konde. Mie nilikuwa kwenye mizani nabishana na Riziki juu ya unyevu, yeye anasema hivi, mie nasema vile, wanawake wametuzunguka wanacheka, na kwa kweli tulichekesha. Maji yakajaa. Wenziwe walipotoka Eliza alikuwa nao, kisha akarudi kuchukua kisu alichokisahau kwenye kamba. Mkondo ulikuwa umekwisha kufunguka, maji yanapita kwa nguvu.

Nilipoinua kichwa, wanawake walikuwa wanaondoka. Juu ya jiwe palibaki jozi moja ya ndara za buluu, ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Siku ile nilihesabu viroba mara mbili. Watu sikuwahesabu hata mara moja.

Alipatikana kesho yake kwenye mikandaa, ile mikoko ya ufukweni. Tulimzika kwa taratibu za kwetu, na wanawake wa mwanini, ambao taratibu zile hawazijui, walikuja wakaketi uani kwangu siku tatu, wakinipikia uji na kuninyang'anya ufagio. Baada ya hapo baadhi yao hawakujua waniiteje. Bi Mwanakombo aliwakata kauli: "Mama Eliza ni Mama Eliza. Kwani mtu akizaa huzaa kwa muda?"

Kanisani mwinjilisti wetu, mtu mwema asiye na mtoto, aliniambia kwamba Mungu ana kusudi. Nikamwambia, "Nitajie." Jumapili moja akatusomea habari ya mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja. Nilitoka nje katikati ya somo. Wangu hakuna aliyemtafuta mpaka maji yalipokwisha kazi.

Hata hivyo sikuacha kusali, ila nilisali kama ninavyonunua samaki. Kwanza nilitaka nirudishiwe mwanangu mzima. Nikaona bei hiyo haikubaliki, nikashuka: siku moja tu. Nikashuka tena: saa moja. Mwisho nikasema, basi nimwone akitoka majini na wenziwe, hata kwa mbali, hata nisimjue ni yupi. Sikujibiwa. Nikajiambia, huyu anajua biashara, hana haraka.

Sasa kosa langu, ambalo nawaandikia ili mlijue kutoka kwangu. Niliporudi kazini sikuweza kuzitazama ndara juu ya jiwe lile. Nikaamuru kila mtu azitie ndara zake ndooni ashuke nazo. Nilisema eti zinaibiwa. Bi Mwanakombo alijua si kweli, na kwa huruma akanyamaza, na huruma yake ilikuwa kosa la pili. Kuanzia hapo nikahesabu vichwa. Wakishuka, nawahesabu mmoja mmoja wanaponipita. Wakirudi, nawahesabu wangali mbali, kutoka kwenye banda la mizani.

Na kila mara walizidi mmoja.

Mnajua pwani ile inavyokuwa kabla ya adhuhuri wakati wa bamvua. Maji yamekimbia mpaka upeo wa macho, jua linapiga juu ya maji ya kifundo, na watu wanaokuja kutoka mbali wanakatika: unaona kiuno kinatembea, miguu haipo. Hakuna sauti, ila vigingi vya zamani vinavyodondosha maji. Wameshuka thelathini na saba, nawaona wanarudi, nahesabu: thelathini na nane. Narudia: thelathini na nane. Nikimtazama mmoja mmoja, kila mmoja namjua, yule kwa mwendo, yule kwa leso, hakuna mgeni. Nikiwahesabu, wamezidi. Wakifika kwenye jiwe ni thelathini na saba, hakuna aliyepungua njiani.

Mwanzo nililaumu jua. Nikahesabu siku ya mawingu. Nililaumu macho, nikapimwa macho hospitali, wakasema ni mazima kuliko umri wangu. Siku moja mkeka uliokuwa kando yangu, mahali Eliza alipokuwa akiketi kuandika namba za viroba, niliukuta umelowa maji ya chumvi, na hakuna aliyekuwa ametoka majini bado. Nikauanika. Nikarudi kwenye mizani, kazi ilikuwa nyingi.

Mtu niliyemwambia ni Bi Mwanakombo peke yake. Magoti yalikuwa yamemshinda, hashuki tena, anakaa nami bandani kutafuna tambuu na kukosoa.

"Watasema jini la mkondo," alisema. "Watakuletea ubani na maneno."

"Na wewe, Bi, wasemaje?"

"Jini hupunguza watu. Sijasikia la kuongeza." Akatema pembeni. "Lakupa tabu?"

"Hapana. Natoa mmoja, hesabu inakuwa sawa."

"Basi toa mmoja ukae kimya."

Tukaenda hivyo zaidi ya miaka mitatu. Wanawake walinishangaa kwamba naangalia bahari midomo inatembea, wakadhani ni sala. Haikuwa mbali na sala.

Riziki naye aliendelea kulima shamba lake la mwisho. Baina yetu hakukuwa na ubishi tena. Nikitaja unyevu wowote, anakubali, hanitazami, anabeba ndoo yake anakwenda. Kilo zake zilipita kwenye mizani yangu kama kilo za maiti. Kanisani tulifundishwa kusamehe. Mie nilikuwa nimehesabu kwamba asingebishana siku ile, ningeinua kichwa mapema. Kwamba mabishano yana watu wawili, hesabu hiyo niliiruka.

Ikaja siku ya mvua ya vuli. Walishuka arobaini na mmoja. Karibu na saa tano mbingu upande wa kaskazini ikawa na rangi ya wino, na upepo ukageuka. Wanawake wakaanza kukimbia kutoka majini, ndoo vichwani, wengine wakija kwenye jiwe, wengine wakikata kwa njia ya mikandaa iliyo karibu na majumbani mwao. Nilikuwa na muda mchache kabla pazia la mvua halijafika. Nikahesabu. Nikarudia. Kisha mvua ikawameza.

"Wangapi?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Arobaini na mmoja."

"Alhamdulillahi. Vuta hicho kiroba, kinalowa."

Mikono yangu haikuvuta. "Bi," nilisema, "ni arobaini na mmoja kamili."

"Nimesikia, mie si kiziwi."

"Kila siku huwapata mmoja zaidi."

Akaacha kutafuna. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, lakini nilimsikia vizuri aliposema, polepole, "Leo hujampata."

"Leo ama hakuja," nilisema, "ama amekuja, na kuna mwengine hayupo."

Maua, msichana mwenye nguvu na ulimi, alikuwa ameshafika bandani anakamua leso yake. "Yakhe, Mama Eliza," alisema, "hesabu imekuja sawa nawe walia. Kesho ikikosea utapiga vigelegele?"

"Nani hajafika?"

"Nitajuaje mie? Nusu wamepita mikandaani, wako kwao wanaota moto."

Hapo ndipo ndara zingesema. Jiwe lilikuwa tupu tangu mwanzo, kwa amri yangu.

Bi Mwanakombo alisimama, kwa magoti yale. "Maua, nenda naye."

"Bi, maji yanajaa. Tukamtafute nani?"

"Mkimkosa, nichekeni mie mpaka nife, haitakuwa muda mrefu. Mkiacha kwenda, pengine kesho tutakaa matanga. Nenda."

Tukashuka, mie na Maua, nimebeba kisu cha kukatia kamba. Maji yalikuwa magotini, kisha mapajani. Tulipita shamba baada ya shamba, kamba zikitugusa miguu chini ya maji, na kila shamba lilikuwa tupu. Mvua ilikuwa imefuta nchi kavu nyuma yetu. Maua, ambaye sasa hakuwa na mzaha, alisema, "Limebaki moja tu. La Riziki."

Nikasimama.

Nataka mjue hili, kwa sababu mtasikia watu wakinisifu. Nilisimama ndani ya bahari inayojaa, nikajua ni nani aliyeko mbele, na sehemu yangu moja ikapiga hesabu ya zamani: yeye kwa Eliza wangu. Ilikuwa ni muda wa hatua moja. Pengine mbili. Kisha nikamkumbuka yule mchungaji wa kondoo mia. Watu humsifu kwa kwenda kutafuta. Mie, maji yakiwa kiunoni, niliona kwamba kabla ya kutafuta alihesabu, na kondoo hawasimami foleni, kwa hiyo lazima alirudia. Na alipoupata upungufu, hakuuliza kwanza ni kondoo yupi na ana tabia gani. Nikavuta mguu.

Tulimkuta mkondoni, maji yamefika kidevuni. Kamba yake iling'oka na vigingi, ikamzunguka kifundo, na mguu wenyewe umekwama kwenye tundu la tumbawe. Maua alimshika kwapani. Mie nilizama na kisu mara tatu. Ya kwanza nilikata mwani, ya pili nilikata kidogo mguu wa Riziki, ya tatu kamba ikaachia. Tulimburuta sote wawili mpaka tulipohisi mchanga.

Juu ya jiwe, akitapika maji ya chumvi, alinikamata mkono. "Nilijua mtakuja," alisema. "Nilikusikia tangu mapema."

"Ulinisikia nini?"

"Unahesabu. Wahesabu karibu yangu, ukimaliza waanza tena. Nikajiambia, maadamu Mama Eliza hajamaliza hesabu, hajaondoka." Akavuta pumzi. "Sauti yako leo ilikuwa nyororo."

Maua alinitazama. Sauti yangu haijapata kuwa nyororo, waulizeni wauza samaki wa Konde. Na kule njiani mie sikufungua mdomo.

Bi Mwanakombo alituletea leso kavu. Riziki alijifunika, kisha akasema bila kuniangalia, "Siku ile ubishi wetu ulikuwa wa nusu kilo."

"Robo tatu," nilisema.

"Nusu, Mama Eliza. Nimeifikiria kila siku."

Mie pia nilikuwa nimeifikiria kila siku. Nikasema, "Haya. Nusu." Katika miaka ishirini na sita, hiyo ndiyo mara pekee niliyokubali bei ya mtu ilipotajwa mara ya pili tu. Akalia, nami nikalia, na Maua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afanye nini, akapima kiroba.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alifurahi. Akasema sasa nimelijua kusudi: Eliza aliondoka ili Riziki apone. Nilimwambia kwa adabu kwamba hapana. Mungu ninayemwomba si mchuuzi wa kubadilishana watoto na watu wazima, na angeniletea biashara hiyo ningemwambia sebu, naye anajua. Kwa nini Eliza alikwenda, sikujibiwa, na nimeacha kuuliza kwa sauti. Nilichopewa ni kazi ya kufanya na uchungu ule. Mtu aliyewahi kukosa kuhesabu huhesabu vizuri kuliko wote. Na ile bei yangu ya mwisho kabisa, kumwona akitoka majini na wenziwe, hata kwa mbali, hata nisimjue ni yupi, ilikuwa imekubaliwa zamani, nami nikawa natoa mmoja kila siku nikidhani ni kasoro.

Bamvua iliyofuata niliamuru ndara zirudi juu ya jiwe. Hakuna aliyeuliza kuhusu wezi. Niliweka sheria kwamba hata mvua ikinyesha mawe, hapana kupita mikandaani, kila mtu atoke kwa njia ya karani. Sheria hiyo msiilegeze. Bi Mwanakombo aliishi kuiona ikishika, kisha akatangulia mbele ya haki, na ndara zake alimwachia Riziki, ambaye ni mkubwa wa miguu na hawezi kuzivaa, lakini anazo.

Tangu siku ile yule aliyezidi sikumpata tena. Miaka yote iliyobaki vichwa na ndara vilikwenda pamoja. Nilishukuru, na nilipatwa na upweke, vyote viwili.

Mwezi uliopita, Rahma, ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuachia mizani tangu asubuhi, nikaketi kwenye mkeka. Uliwahesabu wakishuka, uliwahesabu wakirudi, ukahesabu tena. Jua lilikuwa linawakata watu viuno kama kawaida. Mie nami nilikuwa nimekwisha kuhesabu, mara mbili: thelathini na nane, sawa na ndara.

"Bi, nimekosea," ulisema, na ulikuwa umeona haya, siku yako ya kwanza. "Ndara ni jozi thelathini na nane. Watu napata thelathini na tisa."

Nilikwambia tu hujakosea, nikaomba maji ya kunywa, ukadhani ni uzee. Niliona wivu, sifichi. Kisha nikawatazama wale wanawake wakija, nisijue ni yupi, nikamwamkia kimoyomoyo.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuachia, na mengine yote mtajifunza wenyewe. Siku akizidi, usiogope, mtoe mmoja, uendelee na kazi. Lakini siku hesabu ya vichwa itakapokuja sawasawa, usingoje ndara. Chukua kisu, ushuke majini.